Watoto wa paka wanakufa mmoja mmoja: ni sumu ya jirani au ni maradhi?

"Assalam aleikum daktari. Mimi niko Lamu, mtaa wa Langoni. Nina paka jike aliyezalia hapa nyumbani watoto wanne, sasa wana wiki kumi hivi. Jumapili mmoja alianza kutapika povu la manjano, akakataa samaki, akawa anakaa tu mbele ya bakuli la maji kichwa kimeinama wala hanywi. Jumanne alfajiri nikamkuta amekufa. Jana Alhamisi wa pili ameanza vile vile, na leo anahara maji yenye damu kidogo. Wawili waliobaki wanacheza, na mama yao ni mzima, anakula vizuri. Jirani yangu amekuwa akilalamika kwamba paka wangu wanamwibia samaki, na naamini ametia sumu kwenye matumbo ya samaki anayoyatupa kichochoroni. Tumeshakosana. Huyu mgonjwa nimemnywesha maziwa ya kuua sumu, na nikampa robo ya kidonge cha Flagyl, akatoka povu jingi mdomoni. Sasa naambiwa nimpe nusu Panadol maana ana joto. Nimpe? Na hawa wazima nifanye nini? Binti yangu ana mimba ya miezi minne na tunaishi nyumba moja. Maradhi haya yatampata?"

Wa aleikum salaam, mama. Pole sana kwa mtoto aliyekufa, na pole kwa huyu unayehangaika naye sasa. Nianze na lile lisilongoja: Panadol usimpe, hata chembe. Ini la binadamu lina kimeng'enya cha kuifunga dawa hiyo na kuitoa mwilini. Ini la paka linacho kidogo mno, hakitoshi. Dawa inayobaki hugeuka sumu inayoharibu chembe nyekundu za damu zisiweze kubeba oksijeni. Fizi hugeuka rangi ya kahawia, uso na nyayo huvimba, na paka hufa akihema juu juu. Mtoto wa wiki kumi ana uzito wa kilo moja, mara nyingi hata haifiki. Nusu ya kidonge cha miligramu 500 kwake ni mara kadhaa ya kiasi kinachotosha kumuua. Brufen na diclofenac, dawa nyingine za maumivu, nazo ziweke mbali, maana huchubua tumbo na kuharibu figo, na figo za mnyama aliyeishiwa maji tayari ziko taabani.

Na hilo joto usilipime kwa kiganja. Joto la kawaida la paka ni nyuzi 38 hadi 39.2, kwa hiyo paka mzima kabisa ukimshika utadhani ana homa. Huenda huyu anayo kweli, maana maradhi ninayoyashuku huanza na homa kali, lakini kinachoogopesha zaidi ni siku joto linaposhuka, masikio na nyayo zikawa baridi. Nitalirudia hilo mbele.

Sasa tuje kwa jirani. Mama, kwa maelezo uliyonipa wewe mwenyewe, sumu ndiyo ninayoishuku mwisho. Tazama walivyofuatana. Mmoja alianza Jumapili, wa pili Alhamisi, na katikati siku zikapita wenzao wakicheza. Matumbo ya samaki yakitiwa sumu, wote walioyala huanguka kwa pamoja, siku hiyo hiyo, mara nyingi ndani ya saa chache. Halafu, ni nani katika familia hii anayetoka kwenda kichochoroni kutafuta? Ni mama yao. Watoto wa umri huo bado wanashinda ndani, uani na kwenye ngazi. Kama chakula cha nje kingekuwa na sumu, yeye ndiye angeanza, na unasema yeye ni mzima na anakula.

Tena kila sumu ina dalili zake. Dawa za kuua wadudu, zile za shambani, humfanya paka atokwe na mate na machozi, mboni za macho zisinyae, misuli itetemeke, na yote hayo huja haraka. Dawa nyingi za panya huzuia damu kuganda, kwa hiyo mnyama hulegea na kutokwa damu siku kadhaa baada ya kula, bila hiyo hali ya kutapika nyongo tangu mwanzo. Na kwa kuwa tuko pwani, niitaje ile sumu isiyotiwa na mtu yeyote: bunju. Mvuvi humtupa, paka humwokota, na muda si muda miguu inalegea, anashindwa kusimama, pumzi inakata. Hakuna hata moja katika hizo inayofanana na mtoto anayetapika povu la manjano kwa siku mbili, akainamia bakuli la maji asinywe.

Kule kuinamia maji ndiko kulikonishtua niliposoma barua yako. Anatamani maji, lakini kichefuchefu kinamkataza. Dalili hiyo, pamoja na umri wao, kasi ya kifo, kuhara damu na kuugua mmoja baada ya mwingine, inanielekeza kwenye parvo ya paka, au panlukopenia kwa jina la vitabuni. Ni kirusi. Watu wengi huyadhania maradhi haya kuwa sumu kwa sababu mtoto aliyekuwa akiruka jana leo ni maiti. Nakuomba jirani yako umfikishie haya, hata kupitia mtu mwingine, kabla uhasama haujaota mizizi. Kama ungekuwa na ushahidi, chambo kilichookotwa au paka wazima walioanguka pamoja, ningekuambia ukiweke kwenye mfuko uende nacho polisi na kwa daktari. Hapa ushahidi unaelekea kwingine.

Nikueleze kirusi hiki kinafanya nini, kwa sababu ukilielewa hilo, matibabu yake utayaelewa wewe mwenyewe. Parvo haiwezi kuzaana ila ndani ya seli inayogawanyika. Kwa hiyo hutafuta mahali mwilini ambapo seli zinagawanyika kwa kasi, na pako hasa pawili: kwenye uboho wa mifupa, zinakotengenezwa chembe nyeupe za damu, na chini kabisa ya ngozi ya ndani ya utumbo. Ngozi hiyo haikai muda mrefu. Seli za juu huchakaa na kubanduka ndani ya siku chache, na mpya hupanda kutoka chini kuziba nafasi zao. Kirusi kinaua zile za chini, za juu zinaendelea kubanduka kama kawaida, na hakuna kinachopanda. Utumbo unabaki kama ukuta wa nyumba ya mawe uliobambuka chokaa yote: kila kitu kinapenya. Maji ya mwili yanavuja kwenda nje, ndiyo huko kuhara. Bakteria waliokuwa wamefungiwa ndani ya utumbo wanavuja kuingia kwenye damu. Na wakati huo huo askari wa kupambana nao, zile chembe nyeupe, hawapo, kwa sababu uboho nao umeshambuliwa.

Kwa hiyo kinachomuua mtoto ni vitu vitatu vinavyokwenda pamoja: kukaukiwa maji, bakteria ndani ya damu, na sukari na joto la mwili kushuka. Dawa ya kukiua kirusi chenyewe hatunayo ya kutegemea. Tulicho nacho ni kumbakisha hai siku nne au tano hivi mpaka seli za utumbo zianze kuota tena na chembe nyeupe zirudi. Akivuka hapo, mara nyingi anapona kabisa, na kinga anayoipata hudumu miaka mingi.

Mama yao amesalimika kwa nini? Huenda aliugua utotoni akapona, au alikikuta kirusi kidogo kidogo vichochoroni akajenga kinga. Watoto waliipokea kinga hiyo kwenye dang'a, maziwa ya kwanza, lakini ya kuazima haidumu. Hupungua kuanzia wiki ya sita hivi, kwa wengine ikachelewa mpaka wiki ya kumi na mbili na zaidi. Kila mtoto ana siku yake ya kuishiwa. Tofauti hiyo, na muda kirusi kinachokaa kimya mwilini kabla ya dalili, ambao ni siku 2 hadi 10, ndizo zinazowafanya ndugu wa tumbo moja waugue kwa kupishana.

Sasa, siwezi kukuapia kwa barua kwamba ni parvo. Kuna jambo moja ninalotaka ulitazame wewe mwenyewe leo, kwa sababu Lamu ni mji wa wavuvi: mshipi. Paka humeza uzi wa kuvulia uliobaki na harufu ya chambo, wakati mwingine pamoja na ndoano. Uzi hujinasa chini ya ulimi au tumboni, na ncha nyingine inaendelea kushuka. Utumbo hujivuta juu yake, ukajikunja mikunjo mikunjo, na mwisho uzi hukata ukuta wa utumbo. Paka huyo naye hutapika povu la manjano na kukataa chakula. Mkae dirishani penye mwanga, mmoja amshike kwa taulo, mwingine ainue kichwa na kufungua mdomo, na kwa kidole gumba asukume juu kutoka chini ya taya, katikati. Ulimi utanyanyuka, na utaona kama kuna uzi uliozunguka shina lake. Ukiuona, usiuvute. Nasema tena, usiuvute, na usiukate, hata ukiona ncha nyingine inaning'inia nyuma. Huyo ni wa kupasuliwa, na anahitaji daktari siku hiyo hiyo.

Minyoo nayo ipo karibu kwa kila mtoto wa paka, kwa sababu mabuu ya minyoo mirefu hupita kwenye maziwa ya mama. Peke yake husababisha tumbo kubwa, manyoya yasiyong'aa na kuhara kwa kwenda na kurudi. Haiui kwa siku mbili namna hii, lakini ikikutana na parvo humdhoofisha zaidi.

Maziwa na Flagyl sikulaumu, ndiyo mambo ambayo kila mtu huambiwa. Lakini maziwa hayaui sumu. Na paka aliyekwisha kuachishwa kunyonya hupoteza kidogo kidogo uwezo wa kuyeyusha sukari ya maziwa ya ng'ombe, kwa hiyo kwake ni kuongeza kuhara. Baya zaidi ni kumnywesha kwa nguvu mnyama anayetapika. Yakipotea njia yakaingia mapafuni, unaongeza nimonia juu ya msiba. Lile povu baada ya Flagyl lilitokana na uchungu wa dawa, usilihesabu kuwa dalili ya sumu. Hata hivyo usirudie. Robo ya kidonge cha miligramu 200 ni miligramu 50, wakati mtoto wa kilo moja, hata kama angeihitaji, asingepewa zaidi ya 10 hadi 15 kwa mara moja. Ikirundikana hushambulia ubongo, mnyama akapepesuka na kutetemeka. Nayo haigusi kirusi. Antibiotiki hapa ina kazi, ile ya kuzuia bakteria wanaovuja kwenye damu, lakini iwe ya sindano, kwa kipimo cha daktari. Kidonge kinachotapikwa hakimsaidii.

Kinachoweza kumsaidia kwanza ni maji, tena kwa hesabu. Mpime uzito. Mizani ya duka la jirani inatosha, muweke ndani ya kikapu. Tuseme ana gramu 800. Ngozi ya shingoni ukiivuta ikachelewa kurudi, fizi zikanata kidoleni, macho yakadidimia, ujue amepoteza karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani mililita 80. Hicho ni kikombe kimoja kidogo cha kahawa. Kwa mtu ni kitu gani, lakini kwake ni mpaka kati ya uhai na kifo. Juu ya deni hilo anahitaji karibu mililita 50 hadi 60 kila siku za kuendesha mwili, na bado hujahesabu anayotapika na kuhara.

Kwa mdomo utafaulu tu kama kutapika kumetulia saa mbili tatu. Chukua pakiti ya ORS, ile ya watoto, uichanganye na maji kama pakiti inavyoelekeza. Kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mpe mililita 1 au 2 pembeni mwa mdomo, umwache ameze mwenyewe, kila baada ya dakika kumi. Akivumilia saa nzima, ongeza kidogo. Akitapika, acha. Mdomo umeshafungwa kwake, na maji lazima yapite kwingine.

Hapo ndipo anapohitajika daktari. Njia bora ni dripu ya mshipani, pamoja na sindano ya kuzuia kutapika na antibiotiki. Njia ya pili, ambayo kwa kisiwa inaweza kuwa ndiyo iliyo karibu, ni maji ya dripu ya aina ya Ringer's kutiwa chini ya ngozi. Yanapashwa moto kufikia joto la mwili, ngozi ya kati ya mabega inanyanyuliwa, sindano inaingia, na mgongoni panatuna nundu inayoteremka mpaka kwenye kiwiko. Ukiiona kwa mara ya kwanza inatisha, lakini haimuumizi sana, na baada ya saa chache imenywewa yote. Ikiwa nundu bado ipo kesho yake, ni dalili kwamba damu haifiki vizuri kwenye ngozi, na dripu ya mshipani ndiyo pekee iliyobaki. Daktari anaweza kukufundisha kazi hii ukaifanya nyumbani asubuhi na jioni. Usijaribu bila kufundishwa.

Huku ukimngoja daktari, mpashe joto. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kanga, iwe ubavuni mwake na si chini yake, na awe na nafasi ya kusogea mbali akitaka. Akilegea sana, mpake asali kidogo kwenye fizi kwa ncha ya kidole, maana sukari ya watoto hushuka upesi. Chakula usimlazimishe anapotapika. Kutapika kukishakoma, usimfungishe tena: samaki au kuku wa kuchemsha bila mifupa, kijiko kimoja cha chai kwa wakati. Isiwe na tui, chumvi wala mchuzi wenye kitunguu, maana kitunguu huvunja chembe nyekundu za paka.

Nenda kwenye ofisi ya mifugo ya kaunti leo, usingoje wiki ianze. Ukikosa pa kuanzia, pale mjini kuna hospitali ya punda iliyopo tangu 1987. Kazi yao ni punda, lakini waulize wakuelekeze kwa daktari wa paka aliye karibu. Kabla hujaondoka nyumbani piga simu useme wazi kwamba unashuku parvo, ili mgonjwa asikalishwe karibu na paka wengine. Kumvusha mpaka Mokowe, upande wa bara, na kumpeleka Malindi kwa gari ni safari ya saa nyingi kwenye joto, na mtoto aliyekauka anaweza kuishia njiani. Mimi ningemtia maji chini ya ngozi hapo kisiwani kwanza, kisha nifikirie safari akipata nguvu. Isipokuwa kama ni mshipi: huyo hana la kungoja.

Nikuambie ukweli kuhusu matumaini. Hata wanaolazwa na kutibiwa vizuri, wanaopona ni karibu nusu. Wasiotibiwa, hasa wa umri huu, wengi hufa. Mtoto akipita siku ya tano yu hai, ana nafasi nzuri. Ukimwona amelala ubavu, baridi, fizi nyeupe, hajui tena unamwita, na daktari akakuambia hakuna njia, kumwomba amlaze kwa sindano asiteseke ni huruma. Zungumza na nafsi yako na watu wako, na usiruhusu mtu akuharakishe wala akucheleweshe.

Wale wawili wanaocheza watenge na mgonjwa sasa hivi. Chumba kingine, bakuli jingine, na mhudumie mzima kwanza, mgonjwa mwisho. Waombee chanjo bila kungoja. Chanjo hai hufanya kazi haraka, na mtoto ambaye hajaambukizwa inaweza kumwokoa. Aliyekwisha kuambukizwa haitamsaidia, na ukimwona anaugua baada ya sindano usiseme chanjo ndiyo iliyomuua. Wachunguze asubuhi na jioni kwa siku kumi na nne. Anayekataa chakula kwa mlo mmoja, mpeleke, usingoje atapike. Dawa ya minyoo wapewe hawa wazima. Mgonjwa atapewa akishapona.

Kirusi hiki kinaweza kuishi ndani ya nyumba mwaka mzima, kwenye ufa wa sakafu, kwenye mkeka, kwenye ndara ulizotoka nazo nje. Sabuni haikiui. Zile dawa za kusafishia zinazogeuka nyeupe zikitiwa maji nazo hazifai, tena nyingi ni sumu kwa paka akijilamba nyayo. Kinachofaa ni jiki. Osha kwanza kwa sabuni mpaka uchafu utoke, kwa sababu jiki juu ya kinyesi haifanyi kazi. Kisha kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo ishirini vya maji, mahali pabaki pamelowa dakika kumi, halafu suuza na kausha. Usiichanganye na dawa ya choo wala amonia, hutoa moshi wa kuua. Mkeka aliolalia mgonjwa uchome. Jua kali husaidia lakini usilitegemee. Aliyekufa azikwe kwa kina, mbali na kisima. Anayepona huendelea kutoa kirusi kwa wiki kadhaa, kwa hiyo asitoke nje kwa wiki sita.

Kuhusu binti yako, tulia. Parvo ya paka haimwambukizi binadamu, wala mimba yake haiko hatarini kwa maradhi haya. Jambo la kuangalia kwa mjamzito ni toksoplasma, kijidudu kingine kinachopitia kinyesi cha paka. Mayai yake huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo kinyesi kikiondolewa kila siku, na mtu mwingine asiye yeye, hatari inapungua sana. Mwambie anawe mikono kwa sabuni akishamaliza kukata nyama mbichi na kabla ya kula, na amtaje paka kliniki anapohudhuria. Paka hana haja ya kufukuzwa. Ninyi wengine mnaosafisha vaeni glavu, kwa sababu kuhara kwa paka kunaweza kuwa na bakteria wanaompata mtu.

Kwa wenye mbwa, najua Malindi wapo wengi wanaosoma hapa: hii ni jamaa ya parvo ya mbwa, iliyotokea 1978 na kuenea duniani kwa muda mfupi sana. Mtoto wa mbwa anayehara damu yenye harufu kali anafuata karibu kila nililolisema kuhusu maji na chanjo. Na kwa wenye paka, kuna jambo jingine lisilo la parvo ambalo huleta maafa: dume anayechuchumaa na kujikamua bila kitu kutoka, watu husema amefunga choo, kumbe mara nyingi mkojo ndio ulioziba. Huyo ana siku mbili tatu tu za kuishi. Usimpe dawa ya kuendesha, mpeleke.

Mji wetu hauhitaji kufundishwa kuwahurumia paka. Mabaki ya samaki huwekwa nje kila jioni na kila mtu anawaona ni wake. Ila paka wanaolishwa pamoja bila hata mmoja wao kuchanjwa ndio mazingira kirusi hiki kinayoyapenda. Mtoto anachanjwa mara ya kwanza wiki ya sita hadi ya nane, kisha kila baada ya wiki tatu au nne mpaka atimize wiki kumi na sita, kwa sababu ile kinga ya kuazima huizuia chanjo mpaka imwishie, na hatujui inamwishia lini. Baada ya hapo hurudiwa kabla ya mwaka kuisha. Na usilete paka mwingine mchanga nyumbani humo kwa mwaka mmoja, isipokuwa ameshamaliza chanjo zake zote.

Mama yao naye achanjwe, lakini kabla hujampeleka mtazame tumbo. Paka jike hushika mimba tena mapema, hata kabla watoto hawajaacha kunyonya, na huyu wako anatoka nje. Mwambie daktari kwamba huenda ana mimba, kwa sababu chanjo hai haipewi paka mwenye mimba: hufika kwenye ubongo wa watoto walio tumboni, wakazaliwa wakitetemeka na kushindwa kutembea sawasawa. Kama hana, achanjwe, na siku hiyo hiyo uulize kuhusu kumfunga kizazi.